Panga ni Mzigo, si Abiria: Namna ya Kusafiri na Zana Zenye Makali

Katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea, zana yenye makali ni sehemu ya mwaka mzima wa mkulima. Ufuta unapokomaa hukatwa kwa mundu au panga na kufungwa matita. Mashamba ya mikorosho husafishwa kwa panga, fyekeo na jembe kabla korosho hazijaanza kudondoka, na msimu ukiisha matawi yaliyokufa hupogolewa kwa shoka na msumeno. Seremala naye ana patasi, randa na tezo. Mchinjaji ana visu vyake. Kwa kuwa shamba na kazi mara nyingi viko mbali na nyumba, zana hizi husafiri pamoja na wenye nazo: kutoka Likunja kwenda Ruangwa mjini, kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea, na wakati mwingine hadi Masasi, Lindi au Dar es Salaam.

Makala haya yanajibu maswali mawili ambayo kila msafiri mwenye zana anapaswa kujiuliza kabla ya kupanda gari. La kwanza: je, sheria inaniruhusu kusafiri nayo? La pili: nifanye nini ili zana yangu isimdhuru mtu njiani, wala isinitie mashakani mimi mwenyewe? Majibu ya maswali haya yanakaribiana kuliko inavyodhaniwa. Zana iliyofunikwa, iliyofungwa na kuwekwa mahali pa mizigo ni salama kwa abiria wenzako, na wakati huohuo inaonyesha wazi kwamba wewe ni mtu wa kazi. Zana iliyo wazi mkononi inaweza kujeruhi, na inaweza pia kukufanya ushukiwe.

Sheria inaitazamaje zana yenye makali?

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inahusu bunduki na risasi. Panga, shoka, jembe na mundu ni zana za kazi, na mwananchi hanunui panga dukani kwa kibali. Kwa hiyo kusafiri na panga kwa ajili ya kazi halali si kosa kwa lenyewe.

Hata hivyo, zana hiyohiyo inaweza kuhesabiwa kuwa silaha kutokana na mazingira. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, inakataza mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna inayotia watu hofu. Ndiyo sababu askari anapomkuta mtu na panga haulizi tu ni kitu gani alichobeba. Anauliza pia saa ngapi, wapi, kwa namna gani, na kwa kazi ipi. Panga lililofungwa ndani ya kiroba pamoja na jembe na chakula cha shamba, asubuhi, njiani kuelekea kijijini, linajieleza lenyewe. Panga lililofichwa ndani ya koti usiku, au lililoshikwa wazi katikati ya abiria, linahitaji maelezo ambayo huenda ukakosa nafasi nzuri ya kuyatoa.

Msafiri anayekwenda mijini akumbuke pia kwamba watu wa huko wameliona panga kwa sura nyingine. Jijini Dar es Salaam, vikundi vya vijana vilivyojulikana kwa jina la Panya Road viliwavamia na kuwajeruhi wakazi kwa mapanga, na hofu hiyo ilitanda mwaka 2015 na kurudi tena mwaka 2022. Mkulima wa Ruangwa anayeshuka kituoni akiwa ameshika panga tupu anaweza kuwa na nia njema kabisa, lakini wanaomtazama hawaioni nia yake. Wanachokiona ni panga.

Kwa nini zana isiyofungwa ni hatari ndani ya gari?

Gari linapofunga breki kwa ghafla au kugonga kitu, kila kilichomo ndani ambacho hakikufungwa huendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule ambao gari lilikuwa nao. Abiria aliyefunga mkanda huzuiwa na mkanda wake. Shoka lililolazwa chini ya kiti halizuiwi na kitu.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, shoka hilo hurushwa kwa nguvu sawa na ya shoka linalodondoka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani kutoka juu ya mti mrefu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo wa basi katika barabara kuu, nguvu hiyo ni sawa na kudondoka kutoka karibu mita 25. Mwendo haujafika maradufu, lakini pigo limezidi mara mbili na nusu. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kuzuia pigo la namna hiyo.

Si ajali kubwa tu zinazojeruhi. Katika basi lililojaa, mtoto hukanyaga kiroba kilicholazwa kwenye njia ya kupitia. Mama huegemea begi lenye ncha ya mundu iliyotoboa kitambaa. Utingo huingiza mkono katika buti bila kujua kilichomo. Majeraha ya namna hii hutokea gari likiwa limesimama.

Liko jambo jingine ambalo hatupendi kulitaja lakini ni lazima litajwe. Ndani ya magari ya abiria hutokea ugomvi: wa nauli, wa chenji, wa kiti, wa mzigo uliopotea. Ugomvi mwingi huishia kwa maneno. Zana yenye makali ikiwa karibu na mkono, dakika moja ya hasira inaweza kugharimu maisha ya mtu mmoja na uhuru wa mwingine. Kuweka zana mbali na mikono ya wote, wa mwenye nayo na wa wengine, ni kinga kwa kila aliyemo.

Kufunika, kufunga, kuweka

Maandalizi ya zana hufanyika nyumbani kabla ya safari, na vifaa vyake havina gharama kubwa.

Kufunika. Panga na kisu vinastahili ala. Ala ya ngozi au ya turubai hushonwa na mafundi viatu katika masoko yetu. Asiyekuwa na ala anaweza kukata kipande cha bomba la maji la plastiki kulingana na urefu wa makali, akalipasua upande mmoja na kulivisha juu ya makali. Kipande cha tairi kuukuu au kadibodi nene iliyokunjwa mara mbili pia hufaa, mradi kifungwe kisichomoke. Gazeti au mfuko wa plastiki pekee havitoshi, kwani makali huvipasua kwa mtikisiko wa kwanza wa barabara ya vumbi.

Kufunga. Baada ya kufunika, zungushia mpira uliokatwa kutoka katika tyubu ya baiskeli au pikipiki. Mpira huo hushika imara kuliko kamba ya katani na haulegei. Zana zikiwa zaidi ya moja, zipange mipini ikielekea upande mmoja na makali upande mwingine, kisha ufunge pamoja mahali pawili, karibu na makali na katikati ya mipini. Halafu tia fungu lote ndani ya kiroba kigumu na ukifunge mdomo.

Kuweka. Fungu hilo liwekwe chini kabisa mahali pa mizigo, likiwa limelala, na upande wa makali usielekee waliko watu. Juu yake uwekwe mzigo mzito au lifungwe kwa kamba lisiteleze.

Zana nyingine zina mahitaji yake. Mundu una umbo la mwezi na ncha yake hutoboa kwa urahisi. Izungushie ncha hiyo kitambaa kizito kabla ya kuufunika wote. Shoka na tezo hufunikwa upande wa makali, na kabla ya safari ni vyema kuhakikisha kwamba kichwa hakichezi kwenye mpini. Meno ya msumeno wa mkono hufunikwa kwa bomba lililopasuliwa kama tulivyoeleza. Patasi na visu vidogo vikae ndani ya sanduku la zana lenye kufuli, si ndani ya begi la nguo. Msumeno wa mnyororo usafirishwe ukiwa umezimwa, mnyororo umefunikwa, na tangi halina mafuta. Petroli haipaswi kusafirishwa ndani ya gari la abiria hata ikiwa katika chupa ndogo. Na kwa kuwa msumeno wa aina hiyo huhusishwa na uvunaji wa misitu, tunashauri mwenye nao apate kwanza maelekezo ya ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) iliyo karibu naye.

Kulingana na chombo unachosafiria

Basi na basi dogo. Mwambie kondakta kabla ya kupanda kwamba kiroba chako kina zana za shamba. Maneno machache yanatosha: "Kaka, humu mna mapanga mawili na shoka, yamefungwa, naomba yawekwe kwenye buti." Kutaja mapema kuna faida tatu. Mtu anayepakia anajihadhari, mzigo unawekwa mahali pake, na kondakta anakuwa shahidi kwamba hukuficha kitu. Usiingie na zana kwenye viti, na usikubali kuambiwa uiweke miguuni kwa sababu buti limejaa. Kama hakuna nafasi ya mzigo huo, ni heri kusubiri gari linalofuata.

Gari dogo, la binafsi au la kukodi. Zana zikae kwenye buti. Katika gari ambalo buti na viti havikutenganishwa, ziwekwe sakafuni nyuma ya kiti cha mwisho, zifungwe, na zifunikwe kwa mzigo mwingine. Si vyema dereva kuweka panga chini ya kiti chake "kwa ajili ya usalama". Likiteleza hadi kwenye pedali, breki haitakanyagika. Na akiulizwa njiani, neno hilo la "usalama" ndilo litakalomgeuzia zana kuwa silaha.

Bodaboda na bajaji. Abiria wa bodaboda asishike panga mkononi, wala asilichomeke kati yake na dereva, wala kiunoni. Pikipiki ikianguka, watu wote wawili huliangukia. Zana zilizofunikwa zifungwe kwa mpira kwenye keria ya nyuma, kwa urefu wa pikipiki na si kwa upana, ili zisimkwaruze apitaye kando ya barabara. Mpini mrefu wa jembe au fyekeo usitokeze upande. Kama mzigo hauwezi kufungwa hivyo, utumwe kwa chombo kingine. Katika bajaji, zana zikae nyuma ya kiti.

Gari la mizigo. Wakati wa palizi na mavuno, vibarua hupakiwa pamoja na zana zao nyuma ya malori madogo. Gari la mizigo halikupewa leseni ya kuchukua abiria, na watu waliokaa juu ya mapanga na majembe wamo katika hatari mbili kwa pamoja. Tunawasihi wenye mashamba wasafirishe watu kwa gari la abiria na zana kwa gari la mizigo. Gharama ya nauli ni ndogo kuliko gharama ya mkono uliokatika.

Wanafunzi wanaoagizwa kwenda shuleni na jembe, panga au fyekeo nao ni wasafiri. Mzazi au mlezi amfunikie mtoto zana hiyo nyumbani, na amfundishe kuikabidhi kwa mwalimu mara afikapo. Mtoto asikimbie nayo wala asipande nayo chombo chochote ikiwa wazi.

Safari ya mbali na ukaguzi wa njiani

Anayetoka Ruangwa kwa njia ya Nanganga, akapita Mingoyo, Lindi, Kilwa na Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji hadi Dar es Salaam, atasafiri kwa saa nyingi na huenda gari lake likasimamishwa na askari zaidi ya mara moja. Kusimamishwa si kushukiwa. Ukiulizwa, jibu kwa ufupi na kwa ukweli: zana ni zipi, ziko wapi ndani ya gari, na unakwenda kuzifanyia kazi gani. Usianze kufungua kiroba mwenyewe kabla ya kuambiwa. Onyesha mahali kilipo na uache mikono yako ionekane.

Aliyenunua zana mpya atunze risiti ya duka na, ikiwezekana, aiache zana katika karatasi yake ya dukani. Fundi anayehamia kituo kipya cha kazi anaweza kuomba barua fupi ya mwajiri au ya serikali ya kijiji chake. Sheria haimlazimishi kuwa nayo, lakini husaidia mazungumzo kuisha upesi.

Msafiri naye ana haki zake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaelekeza kwamba mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha. Sheria hiyo pia inamtaka afisa anayechukua kitu katika upekuzi kutoa stakabadhi. Kama zana yako imechukuliwa, omba stakabadhi hiyo kwa heshima na uandike jina la kituo cha polisi. Bila karatasi hiyo, fundi aliyepoteza sanduku lake la zana amepoteza riziki yake, na hana cha kuonyesha atakapokwenda kulidai.

Kwa wanaosafiri kwa ndege, jambo ni fupi: zana zenye makali haziruhusiwi katika mzigo wa mkononi. Ziwekwe katika mzigo unaokabidhiwa, zikiwa zimefunikwa.

Onyo kuhusu maeneo ya hifadhi

Wasomaji wetu wa Nachingwea wanaoelekea Liwale na maeneo yanayopakana na Selous wanapaswa kulizingatia jambo hili kwa uzito wa pekee. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilianzishwa mwaka 2019 kutoka katika sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Ndani ya hifadhi za taifa, zinazosimamiwa kwa Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, kukutwa na silaha bila kibali ni kosa la jinai, na watu wamefikishwa mahakamani kwa kukutwa na mapanga na visu. Katika mapori ya akiba inatumika Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Sura ya 283.

Maana yake ni kwamba panga ambalo ni zana ya kawaida katika barabara ya kijiji linaweza kukupeleka mahakamani ukishavuka mpaka wa hifadhi, hata kama ulikuwa unatafuta njia ya mkato tu au fito za kujengea. Uliza mpaka uko wapi kabla ya kuondoka. Kama safari yako inapita ndani ya hifadhi, pata maelekezo ya askari wa hifadhi langoni na utaje zana zote ulizobeba.

Mzigo wako ukipotea au huduma isiporidhisha

Usafiri wa abiria nchini unasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019. Unapolipia mzigo, dai risiti inayotaja ulichokabidhi: "kiroba kimoja, zana za shamba". Andika namba ya usajili ya gari, tarehe na saa, na utunze tiketi mpaka umeupokea mzigo wako.

Mzigo ukipotea, au ukilazimishwa kukaa karibu na zana zilizo wazi za abiria mwingine, anza kwa kumweleza kondakta na kisha ofisi ya mmiliki wa basi. Usipopata jibu la kuridhisha, peleka lalamiko kwa maandishi katika ofisi ya LATRA ya mkoa, ukiambatisha nakala za tiketi na risiti. Liko pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini (LATRA CCC), ambalo kazi yake ni kutetea maslahi ya watumiaji. Abiria anayemwomba kondakta aondoe panga lililo wazi kwenye viti hafanyi ukorofi. Anadai huduma salama aliyoilipia nauli.

Jeraha likitokea

Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia, na inua kiungo kilichoumia kikae juu kuliko moyo. Kama kitu kimezama mwilini, usikichomoe. Kizungushie kitambaa kisitikisike. Usipake udongo, mafuta ya taa wala majivu. Mpeleke majeruhi katika kituo cha afya kilicho karibu, hata kama damu imekatika, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa kuwa zana za shamba hubeba udongo. Kwa msaada wa polisi, piga 112.

Kabla ya kuondoka nyumbani, hakikisha

1. Makali na ncha zote zimefunikwa kwa kitu kigumu na kufungwa kwa mpira.
2. Zana zote zimo ndani ya kiroba au sanduku lililofungwa.
3. Unajua zitakaa wapi ndani ya chombo, mbali na viti na mikono ya watu.
4. Utamweleza kondakta au dereva kabla ya kupanda.
5. Risiti ya duka au barua ya kazi, kama unayo, iko mfukoni.
6. Njia yako haipiti ndani ya hifadhi bila idhini.

Zana hizi ndizo zinazotulimia, zinazotujengea na kutuvunia. Zikisafiri kama mzigo, zitafika shambani zikiwa kali na wenye nazo wakiwa wazima.